Siku Sita Ambazo Mwalimu Hayupo

Wewe unayeanza kufundisha ala ya muziki kwa mwanafunzi mmoja mmoja, piga kwanza hesabu hii: anayekuja mara moja kwa wiki kwa dakika 30 unakuwa naye nusu saa tu. Siku sita zinazobaki yuko peke yake na ala yake. Mimi nilichelewa kuipiga hesabu hiyo. Nilisahihisha kila kosa, nikaonyesha, nikapiga pamoja naye, akaondoka akiupiga wimbo vizuri. Wiki inayofuata anarudi na makosa yale yale, nami namwambia, "Hukufanya mazoezi."

Mtoto mmoja aliyekuwa akijifunza piano alinitazama machozi yakimlengalenga, akasema amefanya kila siku. Mama yake akathibitisha: kila jioni aliupiga wimbo mzima, na kila alipokosea alirudi mwanzo. Kumbe alikuwa akilizoea kosa lenyewe, tena kwa bidii. Nilimfundisha wimbo, namna ya kufanya mazoezi sikumfundisha.

Tangu siku hiyo, karibu nusu ya somo tunafanya mazoezi pamoja, vile vile atakavyofanya nyumbani. Tunachagua kipande kigumu cha mapigo manane, si zaidi. Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi moja, inaanza mapigo 60 kwa dakika, au chini ya hapo vidole vikisita, na haipandi mpaka akipige mara tatu mfululizo bila kukosea. Ndipo tunapanda hadi 64. Baadaye tunakiunganisha na pigo la kabla yake na la baada yake, maana makosa mengi hujificha kwenye maungio. Halafu nanyamaza: anachagua kipande kingine, anakifanyia kazi mwenyewe, mimi natazama. Kunyamaza huko ndiko kulikoniwia vigumu kuliko yote. Ukiona anakaribia kukosea, mdomo unawasha. Uzuie.

Sikio nalo litangulie jicho. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani, alitazama jinsi mtoto anavyopata lugha ya mama kwa kuisikia muda mrefu kabla ya kuisoma, akajenga ufundishaji wake juu ya kusikiliza, kurudia na mzazi kushiriki. Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, alisisitiza kuimba. Sifuati njia ya yeyote kati yao moja kwa moja, kwa sababu nimeona wanaocheleweshwa sana kusoma nota wakitaabika baadaye. Lakini mwanafunzi wangu hagusi mstari mpya kabla ya kuuimba. Asipoweza kuuimba, vidole vyake havijui vinakokwenda.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wanaohama ala: kwenye piano kidole namba 1 ni gumba, ilhali kwa mkono wa kushoto wa gitaa au fidla namba 1 ni cha shahada. Mweleze mapema, asije akajiona mjinga.

Kuhusu mwili, usione haya kusimamisha somo. Ncha za vidole kuuma kwenye nyuzi za gitaa wiki za mwanzo ni kawaida. Bega au kifundo cha mkono kuuma si kawaida. Tazama anavyokaa na anavyoishika ala. Wazazi hupenda kumnunulia mtoto fidla kubwa ili akue nayo, na mkono wake mfupi unalipa gharama hiyo kila siku. Fidla za nusu na za robo zipo kwa ajili yake.

Mzazi mwombe awe msikilizaji. Dakika tano za kuketi karibu na mtoto zinasaidia kuliko saa nzima ya kumfokea kutoka chumba kingine.

Siku hizi mwanafunzi akiingia nauliza: "Ulikwama wapi, na ulipokwama ulifanya nini?" Mwanzoni wengi hujibu "sijui". Usimjibie, mpe nafasi aitafute sehemu hiyo kwenye ala. Yule mtoto wa machozi alijibu "sijui" wiki tatu. Ya nne alifungua daftari kabla sijauliza. Alikuwa amechora duara kwenye maungio ya mstari wa pili, na pembeni, kwa penseli, ameandika: 60, 64, 68.