Macho hafifu na ule mkopo wa asilimia 2
Dada, umeuliza kama mdogo wako wa Kongwa anayeona kwa shida anaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wenye ulemavu. Kuvaa miwani tu hakutoshi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha uoni hafifu ni jicho lenye nafuu kushindwa kufika 6/18 hata baada ya matibabu na miwani: herufi anazosoma mwenzake mwenye macho mazima akiwa mita 18, yeye hazisomi hata kwa mita 6. Aanzie kitengo cha macho pale hospitali ya Mvumi, Dodoma. Kama ni vikope (trakoma, maambukizi ya macho) na kope zimeanza kuchoma mboni (huko kwetu si ajabu), upasuaji usisubiri mkopo. Ripoti ya daktari aipeleke ustawi wa jamii wilayani.