Kiingereza cha kueleweka: majibu kwa wanaofanya kazi na wageni

Maswali ya safari hii yametoka kwa waongoza watalii, mhudumu wa hoteli, mkatishaji tiketi na mwombaji wa chuo. Tumeyafupisha.

Naongoza watalii, naishi Rau, Moshi. Mteja Mwingereza amelalamika kwamba lafudhi yangu ni nzito. Nijifunze kuongea kama wao?

Hapana, kaka. Tazama marubani wanaotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina ngazi 6 za Kiingereza, na rubani wa safari za kimataifa anatakiwa afike angalau ya 4. Hata ngazi ya 6, iliyo juu kuliko zote, inakubali matamshi yenye harufu ya lugha ya mama, ilimradi anayesikiliza asipate shida. Tena redioni tarakimu 3 hutamkwa "tree" kwa makusudi. Ile sauti ya kuweka ulimi kati ya meno, inayowatesa watu darasani, imeondolewa kwenye namba katika kazi ambayo kutoelewana kunaua.

Mwingereza Jennifer Jenkins alichunguza mazungumzo ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na mwaka 2000 akaeleza matamshi gani hasa huvunja maelewano. Sauti hiyo ya ulimi na meno haimo. Kilichomo, na kinachotuhusu sana, ni urefu wa irabu. Wewe huwezi kuchanganya "amekufa" na "amekufaa", basi sikio la urefu unalo tayari. Litumie kwenye "ship" na "sheep": ya kwanza ikate upesi, midomo ikiwa imelegea, ya pili ivute, midomo ikitanuka kama unatabasamu. Fanya hivyo hivyo kwa "live" na "leave", maana "we live here" na "we leave here" ni habari mbili tofauti kwa mtu mwenye mizigo.

Konsonanti zilizobanana mwanzoni mwa neno usizidondoshe. Ukisema "sitiriti" badala ya "street" utaeleweka. Ukiangusha herufi, msikilizaji anapoteza neno zima. Na kama l na r hukuchanganya, anza na "collect" na "correct".

La mwisho ni uzito wa sauti. Kiswahili kina "ndi-": "gari la pili ndilo lenye begi lako". Mwingereza hana neno hilo, hulitamka kwa nguvu zaidi neno linalobeba habari: "your bag is in the SECOND car". Ukiyapa maneno yote uzito sawa, mgeni ataenda gari lolote. Hapa ndipo wengi wanapoitwa wenye lafudhi nzito, kumbe tatizo ni mkazo.

Mlimani nilimuuliza mgeni, "You don't have a headache?" Akajibu "No." Nikadhani kichwa kinamuuma. Nani alikosea?

Swali ndilo lililokosea. Ukiniuliza "Huumwi kichwa?" nami siumwi, nakujibu "Ndiyo, siumwi": nakubaliana na ulivyosema. Mwingereza halikubali wala halikatai swali lako, anaeleza hali yake tu: haumwi, basi "no". Mjapani kwa kawaida hujibu kama sisi. Katika kundi moja, "no" mbili zinaweza kuwa na maana zinazopingana, na mwinuko hauna subira na kubahatisha huko.

Dawa ni kuuliza bila kukanusha: "Do you have a headache?" Kisha usiishie kwenye ndiyo na hapana. Uliza "How bad, from zero to three?" na umwache aonyeshe kwa vidole. Uliza hivyo hivyo kuhusu kichefuchefu, "nausea", kizunguzungu, "dizziness", na uchovu, kila kimoja peke yake.

Hapo hapo angalia mguu. Kwetu mguu ni kuanzia pajani hadi vidoleni. Kwao "leg" na "foot" ni vitu viwili, kama "arm" na "hand". Ukiripoti kwa redio kwamba mgeni ameumia "leg" kumbe ni kifundo cha mguu, watu watajiandaa kwa jeraha jingine kabisa. Taja sehemu yenyewe: "ankle", "knee", "heel". Na kwa kuwa "yeye" wetu hana jinsia, "he" na "she" hututeleza. Kwenye ripoti ya mgonjwa tumia jina lake.

Nakatisha tiketi za basi la Nairobi, Arusha. Abiria wa kigeni wanachelewa ingawa nawaambia saa.

Hesabu unayoifanya kichwani ndiyo inayoteleza. Saa mbili asubuhi ni "eight", na ulimi ukiwahi unasema "two". Andika kwa tarakimu za saa 24, 08:00, umwonyeshe. Bei nazo ziandike: "fifteen" na "fifty" hukorogeka hata kwa wenyewe, kwa hiyo ongeza "one-five" au "five-zero".

Nahudumia hotelini Usa River. Mgeni akijikwaa nasema "sorry", naye ananiambia "It's not your fault." Nisemeje?

Dada, "pole" haina mwenzake kwa Kiingereza. "Sorry" yao mara nyingi ni kuomba radhi. Sema "Are you OK?" Au sema "pole" yenyewe na umweleze maana yake, ni neno zuri, wageni hulipenda. Na unapoondoka kwa muda usiseme "I'm coming" ukifikiria "nakuja". Sema "I'll be right back".

Wageni wangu wengi ni Wahispania, Wafaransa na Wajerumani. Kiingereza chao wakati mwingine kinanishinda, kuliko hata cha Wamarekani.

Kila mtu huja na lugha ya kwao mfukoni. Mhispania akisema "I am constipated", yaani amefunga choo, muulize kwanza kama ana mafua, kwa sababu kwao "constipado" ni mwenye mafua, na dawa ya tumbo haitamsaidia. Mfaransa anayesema "I demand a towel" huenda anaomba kwa adabu: "demander" ni kuomba. Mjerumani akisema atakuja "eventually", yaani mwishowe, anaweza kuwa anamaanisha "labda", na "handy" yake ni simu. Usikasirike wala usicheke. Rudia kwa maneno yako ulichoelewa, "So you have a cold?", kisha nyamaza asahihishe.

Mmarekani anayeongea haraka na kwa mafumbo mwambie wazi, "Please say it in simple words." Mzigo wa kueleweka ni wa wote wawili, na aliyezaliwa na lugha hiyo anao pia.

Chuo cha nje kinataka IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Nipo Sakina, Arusha. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kuandika. Una dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza angalau maneno 150, ya pili angalau 250, na ya pili ina uzito mara mbili. Jipe dakika 20 kwa ile na 40 kwa hii, ukitumia saa mezani tangu zoezi la kwanza. Mahojiano ya ana kwa ana ni dakika 11 hadi 14, na huko lafudhi ya Arusha haikatwi maksi ikiwa unaeleweka.