Rafiki wa vitani na rafiki wa kuombwa zawadi

Umeuliza kwa nini mpenzi wa World of Warcraft, mchezo wa vita na safari za kubuni, auchukie FarmVille, mchezo wa kulima shamba la kubuni, ilhali yote miwili ilikuwa ya mtandaoni. Kwangu tofauti ni namna kila mchezo ulivyomtumia rafiki. Katika World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, mapambano makubwa ya awali yalikusanya wachezaji 40, na waponyaji, yaani wachezaji wa kuwatibu wenzao, wakizembea kikosi kizima kiliangamia, kwa hiyo tulijifunza kusikilizana na kuaminiana kwa dhati. FarmVille, ulioanza mwaka 2009 ndani ya Facebook na kufungwa mwaka 2020, ulinihimiza niwatumie jamaa maombi ya zawadi, tena nirudi kuvuna kwa wakati, la sivyo mazao yangenyauka. Huko sikuona safari wala ugunduzi, na kuwasumbua watu ninaowapenda kuliniumiza.