Kabla hujanunua pampu

Neema mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili: gari la Corolla 110 nililokuachia, asubuhi linapigwa stata mpaka unakata tamaa, na likishawaka linatetemeka kwenye sailensi, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Fundi anataka ununue pampu ya mafuta, nawe unaniuliza umpe hela au la. Usimpe bado.

Kwanza sikiliza stata. Ikizunguka kivivu na taa za dashibodi zikififia, pima betri iliyolala usiku kucha; nzima husoma kama volti 12.6. Baridi ya Njombe haiachi betri iliyochoka. Ikizunguka kwa nguvu ila moto haushiki, subiri liwake, lizime, uwashe tena baada ya dakika 2. Likidaka papo hapo, huenda presha ya mafuta inashuka usiku, na hapo pampu inaingia kwenye maneno. Ila hilo halielezi mtetemo wa mchana kutwa.

Mimi ningeanza na plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha mafuta. Kwenye injini hiyo zimezama ndani ya mashimo marefu, na mipira ya kava la vali, kile kifuniko cha juu ya injini, ikizeeka, oili hujaa mle. Mwaka mmoja nililipa gari hilohilo lisafishwe nozeli zinazopuliza mafuta, nikarudi nyumbani linatetemeka vilevile. Kumbe shimo la tatu lilikuwa limejaa oili, kichwa cha waya wa plagi kimelowa. Mpira tu! Iliniuma sana, kwani hela ile nilikuwa nimeitenga kwa ada yako.

Zifungueni zote 4, injini ikiwa imepoa kabisa. Kichwa cha injini, plagi zinamokaa, ni cha aluminiamu, ukilazimisha kingali cha moto unaharibu hesi, ile mikato ya kufungia plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Moja ikiwa na oili, tatizo umeliona. Zote zikiwa nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, injini inakunywa mafuta kupita kiasi, na hapo muulize fundi kama thamostati, ile inayozuia maji mpaka injini ipate joto, bado ipo. Wengi huing'oa kwa hoja kwamba huku kwetu kuna joto. Njombe Julai joto liko wapi? Injini isipofikia joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidi kumwaga mafuta. Sensa ya joto la maji ikifa huleta balaa hilohilo.

Usiku fungua boneti gizani gari likiwa linaunguruma, usiguse kitu. Ukiona cheche za bluu zikitambaa kwenye waya za plagi, waya zimekwisha. Ukisikia mfyonzo wa hewa, kuna mpira uliopasuka. Masizi kwenye koo la hewa, pale injini inapovutia hewa, nayo yasafishwe, ni kazi ndogo.

Kesho zipange plagi 1 hadi 4 kuanzia upande wa mkanda, unipigie picha. Habari za pampu tutaziongea nikishaziona.

Mama yako