Kutoa albamu wenyewe bila lebo: sisi tulivyoungua na CD 300

Mkuu uliyeuliza kama bendi yenu ya magitaa na sinthesaiza mtoe albamu wenyewe au msubirie lebo (kampuni ya kusimamia muziki), toeni. Ila bei msipange kama sisi.

Nine Inch Nails ya Trent Reznor, wale wa roki ya mashine, baada ya kuachana na lebo walitoa Ghosts I–IV wenyewe Machi 2008, ngoma 36 na hakuna anayeimba. Tisa za mwanzo bure, zote dola 5, CD dola 10, halafu kuna boksi la dola 300, yalitengenezwa 2,500 tu na yakaisha chapchap. Piga hesabu, hayo maboksi peke yake ni dola 750,000! Na waliruhusu kabisa watu wagawane nyimbo ilimradi hufanyi biashara. (Kipande cha humo ndo biti ya Old Town Road, ule wimbo wa Lil Nas X uliosumbua 2019.)

Sasa sisi tukasoma habari ile tukaona dola 5, dola 300 hatukuiona. Tulirekodi Sinza chumbani kwa mpiga besi, usiku wa manane maana mchana bodaboda zinaingia hadi kwenye maiki, tukaenda Kariakoo kuchoma CD 300, jamaa mmoja akatuuzia CD mbovu wimbo wa nne unarukaruka, tukauza buku tatu tatu. Zilitoka sitini na kitu, nusu walinunua mashangazi zetu kwa huruma. Nyingine ziko uvunguni mpaka leo.

Wapenda roki Dar hii wa kuhesabu, hata wakinunua wote kwa buku tatu hamrudishi hela ya studio. Kilichotuokoa ni fulana. Tuliprinti 40, elfu 25 moja, ukinunua unapewa na fleshi yenye albamu nzima pamoja na sauti za gitaa, ngoma na sinthi kila moja peke yake ili prodyuza akitaka achezee. Zikaisha kwenye shoo moja tu Mikocheni, na kuna dogo akatutengenezea remiksi ya singeli ambayo, inauma kusema, ilisikilizwa kuliko albamu.

Mtandaoni wekeni bure, ila kazi sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza. Na mastaringi, yaani kule kusawazisha sauti mwishoni kabla ya kutoa, mlipie mtu, msifanye wenyewe, maana gitaa lenye distosheni (ile sauti ya kukwaruza) na sinthi vinagombania sehemu moja ya sauti na kwenye spika ya daladala utasikia vumbi tu.

Nyie mko wangapi, na mkononi mna shilingi ngapi?