Kufufua gari kongwe ya zimamoto: anzeni na pampu, rangi isubiri

Ndugu yangu wa Wete, swali lako nimelisoma mara mbili. Mmepewa Bedford ya kijani ya zimamoto, mnataka kuiweka kwenye makumbusho yenu madogo, na fundi kashauri itiwe injini ya dizeli kisha ipakwe nyekundu "ifanane na zimamoto". Mimi ni mmoja wa tuliojitolea kufufua moja kama hiyo hapa Unguja, kila Jumapili asubuhi kwa miaka miwili na ushei, malipo yetu chai na mandazi. Nisikilize kabla msasa haujagusa bodi.

Hiyo kijani ndiyo yenyewe. Waingereza gari hizi waliziita Green Goddess. Zilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1956, na si za jeshi khasa. Zilikuwa za kikosi cha akiba cha zimamoto, kilichowekwa kwa hofu ya vita vya nyuklia. Kikosi kikavunjwa 1968, gari zikabaki maghalani. Watu kuziita gari za jeshi kumekuja kwa sababu wazimamoto wa kule walipogoma, 1977 na tena 2002, waliopewa kuziendesha ni askari. Mkiipaka nyekundu, mtakuwa mnawaonyesha wageni gari nyengine kabisa.

Sasa pampu. Sisi miezi minne ya mwanzo tuliimaliza kwenye bodi, tunasugua kutu na kupiga picha. Aliyetuzindua ni mzee mmoja aliyekuwa fundi wa gari za mbao za shamba, zile zilizojengwa juu ya Bedford. Akauliza, "Tangi linachukua maji kiasi gani?" Galoni 300, kama lita 1,360. "Na pampu inatoa kiasi gani?" Karibu galoni 1,000 kwa dakika. Akacheka. Piga hesabu mwenyewe: ukifungua zote, tangi linakauka hujamaliza kusoma Alhamdu. Maana yake gari hii haikuundwa kubeba maji. Iliundwa kuyavuta mtoni au bwawani na kuyasukuma mbali, gari moja ikiipokeza nyengine, mpaka mji unaoungua. Ni pampu iliyotiwa magurudumu. Basi tukaacha bodi.

Pampu ya namna hii haijui kunyonya hewa. Lazima hewa itolewe kwanza ndani ya mpira wa kuvutia, ndipo uzito wa hewa ya nje uyapandishe maji. Na hata ikiwa mpya, kina cha mita saba au nane ndio mwisho wake. Sisi kwa ujinga tulikwenda kuijaribu gatini maji yamekupwa. Injini inanguruma, geji imelala, tone halitoki. Tukailaumu pampu, tukaifungua yote, wiki tatu zikapotea. Pampu haikuwa na kitu! Huku kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka kama mita nne, ongeza urefu wa gati na wa gari yenyewe, utaona tulikuwa tunadai muhali. Juu ya hayo, mipira ya kwenye maungio ilikuwa imekauka na kupasuka, inapitisha hewa.

Kwa hiyo nyinyi kabla ya kwenda popote ijaribuni kavu. Fungeni kila mdomo, toeni hewa, zimeni, mtazame geji kwa dakika moja. Sindano ikirudi mbio, pana pahala panavuja. Mipira mipya ya maungio sisi tulikata kwenye tyubu kuukuu ya tairi la lori, na mpaka leo inashika.

Jengine ni zile kamba za grafaiti zinazozungushwa shafti inapoingia kwenye pampu. Kwetu aliifanya kazi hiyo fundi wa kalafati, mziba nyufa za majahazi, mikono yake hodari kweli, lakini desturi ya chombo ni tone lisipite. Akakaza nati mpaka pakawa pakavu. Dakika tano, moshi! Shafti ikapata michirizi, ikabidi ipelekwe kwa mchonga vyuma. Pale panatakiwa padondoke kidogo kidogo, maji hayohayo ndiyo yanayopoza shafti. Legezeni, msiogope.

Mkivuta maji ya bahari, siku hiyohiyo pitisheni maji matamu mpaka muyaonje hayana chumvi. Si kesho.

Kuhusu dizeli, mimi nakataa. Injini yake ni ya petroli, silinda sita, lita 4.9, na ndiyo inayozungusha pampu. Mkiweka dizeli yenye mzunguko mdogo, pampu itazunguka taratibu na maji hayatakuwa na nguvu, labda mchonge na gia mpya. Najua inakunywa mafuta, lakini kwani mnaipeleka Konde kila siku? Itawashwa Idi mbili na siku za wanaskuli. Kama injini imeganda, vueni plagi, mimineni oili kwenye matundu, muiache wiki nzima, kisha muizungushe kwa mkono. Starta baadaye. Petroli iliyolala tangini mwageni yote, itaziba kabureta.

Breki zitengenezwe kabla gari haijasogea hata hatua moja. Na ule unga ndani ya madramu msiupulize kwa kompresa wala mdomo: breki za zamani zilikuwa na asibestosi, inaua mapafu polepole. Lowesheni, mfute kwa kitambaa, mkitupe.

Mkifika hatua ya kuvuta maji niambieni. Mipira ya tyubu imebaki mingi, nitampa mtu wa boti akuleteeni. Chagueni siku ya bamvua, mfike saa moja kabla maji hayajajaa.