Kabla ya kukubali upasuaji wa Chiari, uliza maji yanapitaje

Ukishapewa ripoti ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inayosema una Chiari, yaani sehemu ya chini ya ubongo imeshuka kuelekea shingoni, kila mtu atakuuliza: imeshuka milimita ngapi? Yangu ilisema 8, na namba hiyo ikanikosesha usingizi kuliko maumivu yenyewe. Naandika kwa ajili yako uliyeambiwa habari za kufunguliwa kisogo na hujui uanze kuuliza wapi. Mimi ni mgonjwa, si daktari. Haya ni yale ambayo ningependa mtu aniambie mapema.

Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, una ncha mbili kwa chini. Kwa mwenye Chiari ya aina ya kwanza, ncha hizo zimeshuka zikapenya kwenye tundu kubwa la chini ya fuvu, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Hans Chiari alieleza hali hii mwaka 1891 akiwa Prague, kutokana na maiti alizozichunguza. Siku hizi ncha zikishuka milimita 5 au zaidi, ripoti nyingi hutaja jina lake. Lakini wapo wenye milimita nyingi wasiosikia lolote, na wapo wenye chache wanaoteseka. Milimita haikuambii kama njia imeziba.

Njia ya nini? Ya ugiligili, yale maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Moyo ukipiga, damu inaingia kwenye ubongo, na kwa kuwa fuvu halitanuki, maji husukumwa yashuke mgongoni. Moyo ukilegea, yanapanda tena. Ncha zikiwa zimebana tundu, ukikohoa, ukipiga chafya au ukicheka kwa nguvu, presha inapanda ghafla na maji hayana pa kwenda. Ndivyo nilivyoumwa mimi: maumivu makali ya kisogo papo hapo baada ya kikohozi, kisha yanaachia. Mweleze daktari jambo hili kwa undani, hata asipouliza. Kichwa cha upande mmoja kinachogonga kutwa nzima kwa kichefuchefu na kuogopa mwanga huenda ni kipandauso, na kisu hakitibu kipandauso.

Kipimo kinachoonyesha kama maji yanapita, yaani cha mtiririko wa ugiligili, hufanyika kwenye mashine ile ile ya MRI. Nilibanwa kifaa kidoleni cha kusoma mapigo ya moyo, maana picha hupigwa kwa kufuata mapigo, nikaambiwa nisitikisike. Sikuchomwa dawa yoyote. Baadaye daktari alizichezesha zile picha kwenye kompyuta kama video: maji yakishuka rangi moja, yakipanda rangi ya kinyume, nyeupe na nyeusi, na palipotulia pakabaki kijivu. Mbele ya uti wa mgongo kulikuwa na mstari mwembamba unaobadilika kila pigo. Nyuma yake, zilipokaa zile ncha, kijivu kitupu. Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wangu.

Si kila kituo chenye MRI hukifanya, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kulipa nauli, na hakikisha daktari amekiandika waziwazi kwenye fomu, la sivyo utapigwa picha za kawaida na bima itahesabu kuwa umeshapimwa. Uliza pia kama waliopo wana uzoefu nacho. Mashine hupangiwa kasi inayotarajiwa, na ugiligili huenda sentimita chache tu kwa sekunde. Ikipangiwa kasi ya damu, maji yanayokwenda polepole hayataonekana. Ondoka na CD ya picha zenyewe. Bingwa wa upasuaji wa ubongo, uwe unamwona kwenye taasisi ya MOI pale Muhimbili, hospitali ya Kenyatta Nairobi au kwingineko, atataka kuziangalia kwa macho yake.

Hata hivyo, kipimo hiki ni shahidi mmoja tu. Unapimwa umelala, hukohoi. Mtiririko ukionekana mzuri haumaanishi kuwa maumivu yako ni ya uongo, na ukionekana umebanwa kwa mtu asiye na dalili, hiyo peke yake si sababu ya kumpasua. Kwa maoni yangu, MRI ya uti wa mgongo mzima ina uzito zaidi, maana inaonyesha kama maji yameanza kujikusanya ndani ya uti wenyewe. Hali hiyo ndiyo humfanya mtu ashike sufuria ya moto asihisi joto. Mwombe daktari pia athibitishe kwamba hakuna chanzo kingine: presha ya ugiligili ikipanda yenyewe, au ukivuja mahali mgongoni, ncha hushuka vilevile, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Mimi nilikubali upasuaji kwa sababu mambo matatu yalielekea upande mmoja: maumivu ya kikohozi, kizuizi cha nyuma, na maji ndani ya uti wa shingo. Dada mmoja niliyekutana naye kliniki alikuwa na milimita karibu sawa na zangu, maji yake yanapita na uti wake ni mzima; yeye anafuatiliwa tu, na anaendelea na kazi zake.

Ukifika hapo, muulize bingwa ataondoa mfupa pekee, au atafungua na utando wa ubongo na kuushonea kiraka. Kufungua utando huongeza nafasi, lakini huleta hatari ya ugiligili kuvuja kwenye kidonda. Na muulize ni dalili ipi anatarajia iondoke, na ipi anatarajia isizidi tu. Kwangu alitabiri kwamba maumivu ya kikohozi yataisha na ganzi ya vidole huenda ikabaki. Kipimo cha marudio kilionyesha maji yanapita nyuma, kikohozi hakinitishi tena, na vidole viwili vya mkono wa kushoto bado vina ganzi.